Kompyuta ya Mezani Imezeeka na Kioo Hakionyeshi: Pa Kuanzia Kabla ya Kumwita Fundi

Kioo kuwa cheusi si lazima kiwe kibovu. Hapa Tanga monita nyingi nzima zimeishia stoo, au zimepimwa kwa kilo na wanunuzi wa chuma chakavu, kumbe kosa lilikuwa la waya au la RAM (kibao kidogo cha kumbukumbu ya kompyuta) iliyoshika utando. Mwongozo huu ni wa mwenye steshenari, mwalimu au mzazi mwenye kompyuta ya zamani, zile za Pentium na Core 2 Duo zilizoingia nchini zikiwa zimeshatumika, na monita bapa ya inchi 17 iliyo karibu na mraba. Mbio hazina, lakini barua zinaandika, mitihani zinachapa na hesabu za duka zinatunza.

Kanuni ni moja: kwanza ujue anayekosa ni nani kati ya watatu, monita, waya au CPU (kasha lenyewe la kompyuta), halafu ndipo ushike bisibisi. Na kwa sisi wa pwani kuna mshukiwa wa nne ambaye mafundi wa bara hawamfikirii sana, nayo ni hewa. Kuanzia Raskazoni hadi ndani huko Ngamiani upepo una chumvi, na chumvi huvuta unyevu. Kompyuta inayowashwa kila siku hujikausha kwa joto lake yenyewe. Ile ya shule iliyofungiwa ofisini likizo nzima ya masika ndiyo inayogoma siku ya kufungua, na hapo mara nyingi hakuna kilichoungua.

Andaa bisibisi ya nyota, tochi (ya simu inatosha), ufutio mweupe wa shule, brashi mpya ya rangi yenye nywele laini, na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Dawa ya kutakasa mikono isikudanganye, ina glisirini inayobaki kwenye pini ikinata. Mafuta ya taa na petroli usiyasogeze kabisa. Kama unaweza kuazima waya mwingine wa VGA (ule unaopeleka picha kutoka CPU hadi monita) na monita nyingine, azima leo, maana hizo mbili ndizo zinazokata mzizi wa fitina.

Hatua ya 1: Soma taa ya monita

Bonyeza kitufe cha monita utazame taa yake ndogo. Isipowaka kabisa, umeme haufiki. Kwenye monita nyingi waya wa umeme ni sawasawa na ule wa CPU, kwa hiyo badilishana: ule wa CPU uchomeke kwenye monita. Ikiwaka, umeshampata mkosaji. Plagi zetu za miguu mitatu ya mstatili nyingi zina fyuzi ndani, nayo huungua umeme ukirudi kwa kishindo baada ya kukatika. Nunua fyuzi ya ukubwa uleule ulioandikwa. Kufunga kipande cha waya wa shaba mahali pa fyuzi ni kuitafutia nyumba moto.

Taa ikiwa ya chungwa, au inawaka na kuzima polepole, monita ni hai ila imelala kwa kukosa picha kutoka CPU. Ikiwa ya kijani au ya buluu huku kioo ni cheusi tii, huenda picha inaingia ila mwanga ndio haupo. Hiyo ina hatua yake huko chini, hatua ya tochi.

Hatua ya 2: Itenge monita

Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote, na hakihitaji kifaa chochote. Acha monita ikiwa imewashwa, chomoa waya wa VGA upande wa CPU, uache ukining'inia. Monita nyingi hapo zitaandika «No Signal» au «Check Signal Cable», au zitazungusha vipande vya rangi. Ukiona maandishi hayo yanang'aa vizuri, kioo ni kizima, taa za ndani ni nzima, na ubao wa monita ni mzima. Acha kuisumbua monita, nenda kwenye waya na CPU.

Usipoona kitu, bonyeza kitufe cha menyu cha monita yenyewe. Menyu ile haitoki kwenye kompyuta, huchorwa na monita, kwa hiyo ni shahidi asiyepokea rushwa. Menyu ikitokea safi, kosa liko nje ya monita. Menyu ikitokea na mstari, doa au rangi ileile mbaya, kosa liko ndani ya monita. Shika kipimo hicho, tutakirudia.

Hatua ya 3: Waya wa VGA na pini zake

Kichwa cha VGA kina nafasi 15 za pini, safu tatu za pini tano tano. Ni muundo wa mwaka 1987, na udhaifu wake ni kwamba kila rangi ina pini yake. Pini ya 1 hubeba nyekundu, ya 2 kijani, ya 3 buluu. Ikipinda au isipogusa moja, picha haipotei, inabadilika rangi: nyekundu ikikosekana, karatasi nyeupe huwa ya kijani-buluu, kijani ikikosekana huwa ya zambarau inayoelekea waridi, buluu ikikosekana huwa njano.

Mama mmoja wa Ngamiani mwenye duka la fotokopi alinipigia simu.

«Mwanangu, kioo kimekuwa njano tupu. Wateja wananiuliza karatasi za rangi nazitoa wapi.»

«Shikamoo mama. Bonyeza kitufe cha menyu pale chini ya kioo. Menyu nayo ni njano?»

«Marahaba. Menyu nyeupe pe.»

«Basi kioo chako kizima. Zima vyote, chomoa waya, utazame pini kwa tochi.»

Pini moja ya safu ya juu ilikuwa imelala chali. Mtu alikuwa ameusukuma waya kwa nguvu kichwa kikiwa upande. Pini kama hiyo usiinyanyue kwa kisu. Chukua kalamu ya risasi ya kubonyeza, toa risasi yake, uingize ncha ile yenye tundu juu ya pini, kisha inyooshe taratibu kwa mwendo mmoja. Ukiichezesha huku na huku itakatika. Na usishtuke ukikuta nafasi moja ya safu ya kati haina pini kabisa, kwani waya nyingi zimetoka kiwandani hivyo, ile ya 9 ikiwa wazi.

Kuna dalili nyingine ya pini ambayo hupoteza watu muda mwingi kwenye mipangilio ya Windows. Pini za 12 na 15, zote za safu ya mwisho, ndizo kompyuta inazotumia kuitambua monita. Zisipogusa, picha inakuja vizuri lakini kompyuta haijui inaongea na monita gani, basi inakupa maandishi makubwa yaliyovutwa na kukunyima vipimo vya picha vilivyo sahihi. Kabla ya kuhangaika na draiva (programu inayoendesha kifaa), badilisha waya.

Pini zikiwa zimeota kijani, loweka brashi kwenye spiriti, sugua, acha zikauke dakika kumi. Safisha na matundu upande wa CPU. Ukirudisha, kaza skrubu mbili za pembeni kwa vidole. Watu huziacha zikining'inia, kisha feni ikipuliza na meza ikitikisika wanasema kompyuta ina mashetani.

Hatua ya 4: CPU iko hai au imekufa?

Washa CPU usikilize. Feni inazunguka? Bonyeza kitufe cha Caps Lock kwenye kibodi mara kadhaa. Taa yake ikiwaka na kuzima kila unapobonyeza, kompyuta inafanya kazi, imekosa tu njia ya kuonyesha picha. Ukisikia na sauti ya Windows ikifunguka, ndiyo kabisa. Hapo tazama nyuma ya CPU: kuna matundu mangapi ya kioo? Kama yako mawili, moja juu la mazabodi (ubao mkuu wa ndani) na jingine chini la kadi ya picha iliyoongezwa, chomeka kwenye lile la kadi. Mazabodi nyingi zikiona kadi huzima tundu lao lenyewe, na anayesafisha ofisi akichomoa waya huurudisha palipo karibu.

Feni ikizunguka na kibodi imekufa, sikiliza milio. Mlio mmoja mfupi kwa kawaida ni salamu ya uzima. Kwenye BIOS (programu ndogo inayoiamsha kompyuta) za kampuni ya Award mlio mrefu mmoja ukifuatwa na mifupi miwili unalalamikia picha. Kwenye zile za AMI milio minane mifupi inalalamikia kumbukumbu ya picha. HP Compaq za ofisini hupepesa taa nyekundu ya kuwashia: mara tano ni RAM, mara sita ni picha. Kimya kabisa nacho kina maana, ila hakikisha kwanza kwamba CPU yako ina spika ya ndani, nyingine hazina.

Hatua ya 5: RAM, na hapa usiwe na haraka

Kama ningeruhusiwa kufanya jambo moja tu kwenye kompyuta kuukuu ya Tanga isiyoonyesha kitu, ningesafisha RAM. Meno yake ni membamba, hupakwa dhahabu kidogo sana, na yamekaa miaka kwenye tundu lisiloguswa huku hewa yetu ikipita. Mguso ukilegea kidogo tu, kompyuta haifiki hata hatua ya kuwasha picha.

Zima, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie sekunde 15 ili chaji iliyobaki iishe. Wakati mwingine hicho peke yake kinatosha, kwa hiyo jaribu kuwasha kabla hujafungua. Ikigoma, chomoa tena, fungua ubavu wa CPU, gusa chuma cha kasha kwa mkono mtupu. Unyevu wa hapa hupunguza umeme tuli mwilini, lakini kugusa chuma hakugharimu kitu.

Sukuma chini vishikizo viwili vya mwisho wa RAM, itajinyanyua yenyewe. Ishike pembeni, usiguse meno. Ilaze juu ya karatasi, usugue meno kwa ufutio mweupe kuelekea upande mmoja, pande zote mbili, mpaka wekundu wa utando utoke na dhahabu ing'ae. Utaona ufutio umeingia weusi. Pangusa vumbi la ufutio kwa brashi yenye spiriti, maana likidondokea tundu umejitafutia kazi nyingine. Tundu lenyewe lipitishie brashi kavu.

Ukirudisha, linganisha pengo la RAM na kizuizi cha tundu, kisha sukuma kwa vidole gumba viwili mpaka vishikizo vijifunge vyenyewe. DDR2 na DDR3 haziingiliani, mapengo yao yamekaa tofauti, hivyo ikikataa usiilazimishe. Kama ziko mbili, rudisha moja tu uwashe. Ikigoma, ihamishie tundu jingine. Kisha jaribu na ya pili. Hapo utajua mbivu na mbichi: RAM imekufa, au ni tundu.

Bado kimya? Toa RAM zote uwashe ikiwa tupu. Ikipiga milio ya kulalamika, furahi, maana mazabodi na prosesa (chipu inayofanya hesabu) vina uhai vya kutosha kugundua kwamba RAM haipo. Ikikaa kimya na spika ipo, nenda mbele.

Hatua ya 6: Betri ya saa na kadi ya picha

Kama kabla ya kugoma kompyuta ilikuwa ikisahau saa na tarehe, ile betri bapa ya mazabodi, CR2032 ya volti 3, imechoka. Ikipimwa chini ya volti 2.7 hivi, badilisha. Hata ikiwa nzima, itoe dakika tano waya wa umeme ukiwa nje, uirudishe. Mipangilio iliyovurugika itajifuta.

Kadi ya picha kama ipo, ichomoe, meno yake yasafishe kwa ufutio kama RAM, kisha jaribu bila kadi kwa kutumia tundu la mazabodi. Picha ikija, kadi ndiyo yenye kesi.

Hatua ya 7: Kapasita na pawasaplai

Mulika mazabodi kwa tochi utafute kapasita, vile vikopo vidogo vilivyosimama kama pipa. Kichwa cha kapasita nzima ni bapa. Kikivimba, kikipasuka, au kikitoa uji wa kahawia uliokauka, umepata jibu. Kompyuta za miaka ya 2000 hadi 2007 hivi zilikumbwa sana na kapasita mbovu toka viwandani, za makampuni makubwa zikiwemo, kwa hiyo si wewe uliyeitumia vibaya. Fundi mwenye mkono mzuri wa kuchomelea anazibadilisha. Mwambie aweke zenye mikrofaradi zilezile, volti zilezile au zaidi, na zinazostahimili nyuzi 105.

Kama una multimeta, kompyuta ikiwa imewashwa pima pawasaplai, kile kisanduku cha umeme ndani ya CPU, kwenye soketi yake ya ziada yenye waya nne. Mchomo mweusi kwenye waya mweusi. Waya wa njano usome kati ya volti 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25. Nje ya hapo, badilisha pawasaplai nzima. Kasha lake usilifungue. Kapasita za ndani hubaki na mamia ya volti hata baada ya kuchomoa. Na ukinunua nyingine yenye swichi nyekundu ya 115 na 230 nyuma, hakikisha iko 230 kabla ya kuchomeka. Waliosahau wanaujua mlio wake.

Picha ipo, lakini si picha

Kioo kikiandika «Out of Range» au «Input Not Supported», hakuna kilichoharibika. Mtu ameongeza kipimo cha picha kuliko uwezo wa monita. Kwenye Windows 7 gonga F8 wakati inawaka, chagua mstari unaosema «low-resolution video». Kwenye Windows 10 izime kwa nguvu wakati inafunguka, mara tatu mfululizo, mpaka ikuletee ukurasa wa matengenezo. Ingia kwenye mipangilio ya uwashaji, kisha bonyeza namba 3. Ukishaona, weka 1280 kwa 1024 kwa monita ya mraba ya inchi 17, na 60 Hz.

Picha iliyohamia upande mmoja, au maandishi yanayotetemeka kwa mbali, hutibiwa na kitufe cha «Auto» cha monita. Kivuli kinachofuata kila herufi ni waya mwembamba au mrefu mno, au stebilaiza iliyobanwa ubavuni mwa monita. Isogeze.

Vidoti na michirizi ya rangi vipime kwa wakati. Vikionekana tangu nembo ya kampuni inapotokea, kabla ya Windows, ni kadi ya picha au RAM. Visipokuwepo hadi Windows ifunguke, ni draiva. Visipokuwepo asubuhi na kuja baada ya nusu saa ya kazi, ni joto. Fungua, toa vumbi kwenye feni ya kadi, na mjusi kama yumo. Mstari wima uliokaa palepale hata kwenye menyu ya monita na hata kwa kompyuta nyingine ni kioo chenyewe. Huo hautibiki kwa bei ya maana. Uvumilie au ubadilishe.

Hatua ya tochi

Kioo cheusi, taa ya kijani, Windows inasikika ikifunguka. Funga mapazia, washa tochi, iweke karibu na kioo kwa mshazari, utazame kwa makini. Ukiona kivuli cha madirisha na maandishi kwa mbali, picha ipo na taa za nyuma zimezimika. Monita za miaka hiyo hutumia mirija myembamba ya mwanga. Inapochoka hugeuka wekundu-waridi asubuhi na kujirekebisha ikipata moto, na menyu ya monita nayo huwa na rangi hiyo, ndipo tofauti yake na pini iliyopinda. Monita inayowaka sekunde mbili kisha kuzima ina mrija au invata (kifaa kinachoipa mirija umeme) iliyokufa, au kapasita zilizovimba kwenye ubao wake wa umeme. Kapasita ni kazi nyepesi kwa fundi wa televisheni. Mirija ina zebaki, kwa hiyo usiivunje, wala watoto wasiichezee.

Monita ya mgongo, ile nene ya kizamani, kama bado unayo, ina neno moja tu: usiifungue. Ndani kuna volti zaidi ya 20,000, na nyingine hubaki baada ya kuzima. Mabaka ya rangi pembeni huletwa na spika zilizowekwa karibu. Zisogeze, kisha izime na kuiwasha.

Ukiamua kununua nyingine

Monita iliyotumika usiinunue ikiwa imezimwa, hata muuzaji akiapa. Mwambie aichomeke kwenye kompyuta, afungue ukurasa mweupe mtupu, uiache dakika kumi huku mkizungumza bei. Tazama wekundu dakika za mwanzo, pembe zilizofifia, na vidoti vyeusi visivyobadilika. Kisha fungua ukurasa mweusi utafute vidoti vinavyong'aa. Gonga kidogo mgongoni. Picha ikicheza, iache. Chunguza matundu ya nyuma kama yana kijani. Na kama CPU yako ina VGA peke yake, hakikisha monita ina VGA, kwa sababu adapta ya kugeuza VGA kuwa HDMI inayofanya kazi kweli ni ile yenye saketi ndani, na mara nyingi huhitaji kupewa umeme wake kwa waya wa USB.